Naomba ushauri: mama chapati wa Ngamiani nimweke kundi gani kwenye ontolojia?

Habari zenu wakuu. Natengeneza ontolojia (mpangilio wa aina za vitu na uhusiano wake, unaosomeka na kompyuta) ya biashara ndogo za hapa Tanga mjini, ili kompyuta ikikuta "fundi cherehani, Ngamiani" ielewe, isione herufi tu. Sijaanzia sifuri: GoodRelations, msamiati wa kuelezea biashara kwenye wavuti, ipo tangu 2008, na 2012 iliingizwa ndani ya schema.org, msamiati wa pamoja wa kurasa za wavuti. Naandika kwa OWL (lugha ya kuandikia ontolojia), natumia programu ya Protégé. Hapo sina shida.

Shida ni huyu mama. Asubuhi anauza chapati mlangoni kwake, jioni anakaanga samaki kona nyingine kabisa. Schema.org inaihesabu biashara ya mtaani kuwa shirika na papo hapo kuwa mahali. Kwa duka lenye fremu, sawa. Kwake yeye je? Ni biashara moja yenye vituo viwili, au biashara mbili za mtu mmoja? GoodRelations inatenganisha mfanyabiashara, anachouza na mahali anapouzia, nami naelekea huko, ila naona maelezo yanakuwa marefu kuliko foleni ya chapati zenyewe.

La saa nimelimaliza. (Mwanzoni "nafungua saa 1" niliiandika 01:00, mji mzima ukawa unafungua usiku wa manane.)

Limebaki la anwani. Watu wanaelekezwa "mkabala na msikiti". Huo msikiti niuache kama maandishi tu, au niupe URI yake (kitambulisho cha kipekee, kama anwani ya wavuti) ili biashara zote za jirani ziunganishwe nao? Aliyewahi kulifanya hili, alianzaje?