Timu ya mpira wa kikapu ya chuo iendeshwe vipi kwa fungu dogo?

Mlezi wa Michezo, Mbeya

Habari za jioni, wanajukwaa. Nimekabidhiwa ulezi wa mpira wa kikapu katika chuo cha kati hapa Mbeya. Tuna uwanja mmoja wa saruji usio na paa, timu ya wanaume, timu ya wanawake, na fungu la michezo tunalogawana na mpira wa miguu, netiboli na wavu. Mwaka huu karibu fungu lote limekwisha kwenye safari moja ya mashindano, kwa kukodi Coaster, mafuta, malazi na posho za chakula, na wanafunzi waliporudi hapakuwa na fedha hata ya kununua nyavu.

Mkuu wa chuo anahitaji mapendekezo yangu kabla mwaka mpya wa fedha haujaanza Julai 1, na baadhi ya wenzangu wanashauri tufute timu ya wanawake ili ya wanaume ihudumiwe kikamilifu. Mimi sikubaliani nao, lakini ninahitaji hoja na mpango. Mliowahi kuendesha timu za vyuo kwa fedha kidogo, mlianza na nini, na mliamua kuacha nini?

Kocha Mstaafu

Mwalimu, kinachomaliza fedha zenu ni safari, na hata mkibana jezi na maji ya kunywa kiasi gani, akiba hiyo haitalipia basi moja la kukodi. Kwa mwaka wa kwanza ningeacha kabisa mashindano ya mbali. Mbeya mna bahati ya kuwa na majirani: kipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, ipo Ndaki ya Chuo Kikuu Mzumbe, na zipo sekondari zenye vijana wanaocheza vizuri. Waandikieni barua mapema, mkubaliane ratiba ya nyumbani na ugenini, na wachezaji waende kwa daladala. Timu inayocheza kila Jumamosi mjini itakua haraka kuliko ile inayosafiri mara moja kwa mwaka na kutolewa siku ya pili.

Fedha itakayookolewa ielekezwe uwanjani kwanza. Fundi mzuri wa kuchomelea hapo mtaani anaweza kutengeneza ringi, ila mpeni vipimo kwa maandishi: kipenyo cha ndani sentimita 45, chuma cha unene wa milimita 16 hadi 20, ubao wa mita 1.80 kwa 1.05, na ukingo wa juu wa ringi uwe mita 3.05 kutoka sakafuni. Vishikio vya wavu visiwe na ncha, kwa sababu vidole vya wachezaji hupita hapo. Mlingoti usimame nje ya mstari wa mwisho na uvikwe sponji la godoro kuukuu lililofungwa kwa turubai, kwa kuwa mchezaji anayekimbilia goli kwa kasi macho yake yako juu, na mlingoti ule umewahi kuvunja watu mikono.

Kuhusu mipira, saruji hula ngozi upesi sana. Nunueni ya mpira kwa mazoezi, namba 7 kwa wanaume na namba 6 kwa wanawake, na ule mmoja mzuri ufungiwe kabatini hadi siku ya mechi. Kwa kuwa mvua zenu hunyesha tangu Novemba hadi Aprili, mechi kubwa ziwekwe kuanzia Mei.

Afisa Michezo wa Chuo

Ninaunga mkono hoja ya Kocha, na ninaongeza mchezo wa watatu kwa watatu, ambao umekuwamo katika Olimpiki tangu michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021. Unahitaji goli moja tu. Timu ina wachezaji wanne, mmoja wao akiwa wa akiba, na mchezo huisha kwa dakika 10 au timu moja inapofikisha pointi 21. Kwa hiyo bonanza la vyuo vinane linaweza kumalizika kwa siku moja, kila mtu akarudi kulala kwao, na suala la malazi likaondoka.

Jambo la pili ni masurufu, yaani fedha mnayopewa kabla ya safari na kuitolea hesabu mkirudi. Mkichukua fedha ya safari na marejesho yakachelewa, au risiti za EFD (mashine za kodi) zikakosekana, mhasibu atazuia ombi linalofuata, na atakuwa na haki. Mteueni mwanafunzi mmoja makini awe mtunza kumbukumbu.

Nahodha wa Zamani

Mwalimu, usikubali timu ya wanawake ifutwe. Coaster mnayoikodi haipungui bei kwa kubeba watu 12. Mkipeleka wachezaji kumi wa kila timu, mlezi na matroni wakiwamo, wote wanaenea katika gari lilelile.

Gharama halisi kwetu ilikuwa muda. Tulipewa uwanja baada ya wanaume, kuanzia saa kumi na mbili jioni, wakati hakuna taa na hosteli inakaribia kufungwa, kisha tukaambiwa kwamba wasichana hawajitokezi mazoezini. Wapeni saa kumi kamili, na mtaona idadi yao ikibadilika bila kutumia hata shilingi.

Mlezi wa Michezo, Mbeya

Ninawashukuru sana. Hoja ya gari na ya saa za mazoezi nitaziwasilisha kwenye kikao kama zilivyo, kwa sababu hakuna aliyezitaja pale kwetu. Kesho ninakwenda kwa fundi nikiwa na vipimo, na barua kwa vyuo jirani zitatoka wiki hii ili ratiba ya Mei ijulikane mapema. Kocha, swali moja limebaki: je, waamuzi wa mechi hizi za kirafiki mliwalipa, au mliwafundisha wanafunzi wenyewe?

Kocha Mstaafu

Meza tuliwaachia wanafunzi, yaani kuandika pointi, kushika saa na kuhesabu makosa. Kwa filimbi tulimlipa mwamuzi mmoja kutoka chama cha mkoa, na pembeni yake akachezesha mwanafunzi anayejifunza.