Tulishinda kesi mwaka 2017, na ushindi huo ndio unaotumiwa leo kutuzuia kuwaondoa tuliowachagua

Wanajamvi, nafungua uzi huu nikiwa na madaftari saba mezani. Ndani yake mna majina, nambari za vitambulisho na sahihi za majirani zangu 2,640, wakazi wa wadi moja ya mashariki mwa Nairobi, ambao kwa miezi kadhaa walikubali kusimama mlangoni mwao, kwenye steji ya bodaboda au kando ya kibanda cha mboga, na kuandika kwamba hawamtaki tena mwakilishi wadi waliyemchagua Agosti 2022. Wadi siitaji, wala yeye simtaji, kwa sababu malalamiko yangu leo hayamhusu mtu mmoja. Ninailalamikia sheria iliyotufanya tukusanye sahihi hizo bila kujua kama zina thamani yoyote, na ninawalalamikia watunga sheria wanaolijua tatizo hilo tangu zamani na wameamua kulinyamazia.

Ibara ya 104 ya Katiba ya 2010 inatamka wazi kwamba wapiga kura wana haki ya kumwondoa mbunge wao kabla muhula wake haujaisha, kisha inaliachia Bunge kazi ya kutunga sheria itakayoeleza sababu na utaratibu. Kwa wawakilishi wadi, haki hiyo imo katika kifungu cha 27 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Kwa hiyo watu walioagizwa kuandika namna watakavyoondolewa ni wale wale wanaopaswa kuondolewa. Kesi ya nyani ilipelekwa kwa ngedere, na hukumu ikatoka kama ilivyotarajiwa.

Soma walichoandika katika Sheria ya Uchaguzi ya 2011. Mpiga kura hakuruhusiwa kuanzisha ombi la kumwondoa mbunge mpaka kwanza Mahakama Kuu ithibitishe kwamba mbunge huyo amekiuka Sura ya Sita ya Katiba, inayohusu uongozi na maadili, au ametumia vibaya mali ya umma, au amepatikana na hatia ya kosa chini ya sheria hiyo. Aliyewania kiti hicho akashindwa alikatazwa kuanzisha ombi, iwe yeye mwenyewe au kupitia mtu mwingine, kana kwamba kushindwa katika uchaguzi kunamvua mtu uraia. Miezi 24 ya kwanza baada ya uchaguzi ni marufuku, na miezi 12 ya mwisho kabla ya uchaguzi mkuu pia ni marufuku. Na hata wananchi wakivuka yote hayo wakafika kwenye debe, kura yao isingekuwa halali isipokuwa waliotaka mbunge aondoke wafikie nusu ya wapiga kura wote walioandikishwa, si nusu ya waliojitokeza. Mbunge anaingia Bungeni kwa kumzidi mpinzani wake kwa kura moja tu, lakini kumtoa kulihitaji nusu ya daftari zima, pamoja na waliolala nyumbani siku hiyo.

Shirika la Katiba Institute na wenzao walikwenda mahakamani, na mwaka 2017 Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu akavitangaza vifungu hivyo vya sababu, vya idhini ya mahakama, vya kumzuia aliyeshindwa na vya nusu ya daftari kuwa kinyume cha Katiba. Tulifurahi. Mimi binafsi niliamini kwamba Bunge litalazimika kurudi mezani na kuandika sheria ambayo mwananchi wa kawaida anaweza kuitumia.

Halikurudi. Mwezi Julai 2025, Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ilipoulizwa kuhusu maombi ya kuwaondoa wabunge, ilijibu kwamba haiwezi kuyashughulikia, kwa kuwa vifungu vilivyofutwa mwaka 2017 havijawahi kujazwa na hivyo hakuna utaratibu wa kisheria wa kufuata. Naomba kila anayesoma hapa atafakari jambo hilo kwa utulivu. Mwananchi alikwenda kortini kulalamika kwamba mlango umewekewa kufuli nyingi mno, jaji akaamuru kufuli zivunjwe, na aliyezifunga akaung'oa mlango wote na kujenga ukuta mahali pake. Ushindi wetu wenyewe ndio hoja wanayoitumia dhidi yetu, na kila mwaka unaopita bila sheria mpya ni mwaka wa usalama kwa wale 290 wa majimbo, kwa wawakilishi wa kike wa kaunti na kwa maseneta.

Wala si kwamba muda ulikuwepo wa kutosha. Kwa hesabu ya sheria, dirisha la kuanzisha ombi katika muhula ulioanza 2022 ni kuanzia Agosti 2024 hadi Agosti 2026. Lilifunguka wiki chache tu baada ya tarehe 25 Juni 2024, siku ambayo wabunge 195 walipitisha Mswada wa Fedha huku vijana wakipigwa risasi nje ya Bunge, na nchi nzima ikizungumza juu ya kuwarudisha wabunge hao nyumbani. Lakini tume ya uchaguzi haikuwa na mwenyekiti wala kamishna hata mmoja kazini tangu Januari 2023, na haikupata makamishna wapya hadi Julai 2025. Karibu nusu ya dirisha lenyewe ikapita hivyo, bila mtu mwenye mamlaka ya kulipokea ombi lolote.

Sasa narudi kwenye madaftari yangu, maana tume ilisema kwamba kwa wawakilishi wadi njia bado ipo. Sheria inadai sahihi za asilimia 30 ya wapiga kura walioandikishwa katika wadi. Nairobi ilikuwa na wapiga kura 2,415,310 mwaka 2022, na wadi zake ni 85, kwa hiyo wastani wa wadi moja ni watu zaidi ya 28,400 na asilimia 30 yao ni sahihi zaidi ya 8,500. Sheria hiyo hiyo inasema orodha ikusanywe na kuwasilishwa ndani ya siku 30 baada ya ombi kuwasilishwa. Hizo ni sahihi zipatazo 284 kila siku, Jumapili ikiwemo, zinazokusanywa na watu wanaoamka saa kumi alfajiri kwenda kibaruani.

Hapo ndipo ugomvi wa mawakili ulipoanza. Tulimwendea mmoja, akatuambia kwamba ombi lenyewe ni lazima liwe na orodha tangu siku linapowasilishwa, kwa sababu kifungu kinasema hivyo. Tukamwendea wa pili, akatuonyesha aya inayofuata, inayosema orodha inakusanywa baada ya kuwasilisha, na akatuonya kwamba sahihi tulizozikusanya mapema zinaweza kutupwa zote mtu akipinga kortini. Nimezisoma aya hizo mbili mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na naona wote wawili wana haki ya kusema walivyosema. Kisha kuna ada, ambayo sheria inaifananisha na ile ya kesi ya kupinga uchaguzi. Mama anayeuza sukuma wiki ataitoa wapi?

Na asilimia 30 ya nani? Ukaguzi wa daftari la wapiga kura kabla ya uchaguzi wa 2022 ulikuta kumbukumbu 246,465 za watu waliokwisha kufariki. Marehemu hawezi kutia sahihi, lakini anahesabiwa miongoni mwa wale ambao theluthi yao, au karibu yake, inatakiwa itie sahihi. Ugomvi kama huu uliwahi kufika mahakamani kule New Orleans, Marekani, mwaka 2023, ambapo waliotaka kumwondoa Meya LaToya Cantrell walishtaki wakidai daftari limejaa majina ya waliohama na waliokufa, na kwa makubaliano idadi iliyotakiwa ikapunguzwa kutoka 49,975 hadi 44,975. Hawakufanikiwa, kwani sahihi zilizokubaliwa zilikuwa takriban 27,000. Lakini angalau walipata mahali pa kuuliza swali lao na kujibiwa muda ukiwa bado upo.

Jambo lililoniumiza zaidi ni hofu ya watu. Fomu inataka jina, anwani, nambari ya kitambulisho na sahihi. Mzee mmoja jirani yangu, mtu ninayemwamkia kila asubuhi, alinirudishia kalamu na kusema, "Mwanangu, mwaka 2021 nilijikuta mwanachama wa chama ambacho sijawahi kukanyaga ofisi yake. Leo nikupe nambari yangu, kesho itatumika wapi?" Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu sheria haisemi popote nani ataona orodha hiyo wala kama mwakilishi mwenyewe hatapewa aisome jina kwa jina, akiwa bado ndiye mwenye sauti katika fomu za basari za watoto wetu.

Msiniambie kwamba gavana wa jiji aliwahi kuondolewa. Mike Sonko aliondolewa Desemba 2020 na wawakilishi wadi pamoja na Seneti, na mpiga kura wa Nairobi hakuulizwa chochote.

Ninachokitaka ni kidogo na kinajulikana. Bunge lirudishe vifungu vya Ibara ya 104 kwa namna ambayo jaji aliielekeza, lifute mgongano wa zile aya mbili za orodha, liongeze siku za kukusanya sahihi, na liweke adhabu kwa yeyote atakayetumia orodha hiyo kumwadhibu mwananchi. Hadi hapo, madaftari haya saba nitayafungia kabatini, kwa kuwa nimewaahidi watu 2,640 kwamba nambari zao hazitatoka mikononi mwangu. Kama kuna mwanajamvi ambaye wadi yake iliwahi kuwasilisha orodha na ikapokelewa, iwe kabla au baada ya ombi, naomba aandike hapa chini alifuata njia ipi na aliambiwa nini.