Mgombea aliwahi kutuita uchafu wa mji. Tumpe kura?

Mchuuzi wa Mpakani (Busia): Salamu wadau. Kuna mgombea udiwani huku kwetu. Zamani, akiwa hana cheo chochote, alisema redioni kwamba sisi tunaopanga bidhaa kando ya barabara ni uchafu wa mji, tufagiliwe. Leo anazunguka vibandani, akina mama anawaita dada zake, anaahidi soko lenye paa. Sera zake, nikisema kweli, zinamshinda mpinzani wake. Wenzangu wanasema yaliyopita si ndwele, lakini mimi roho inagoma. Je, ni haki kumhukumu kwa maneno ya zamani?

Afande Mstaafu: Kijana, ukianza hivyo hutapiga kura maisha yako yote. Mzee Museveni, Rais wa Uganda, mwaka 1986 alisema tatizo la Afrika ni viongozi wanaong'ang'ania madaraka. Mwaka 2001 akaahidi muhula ule ndio wa mwisho. Watu waliendelea kumchagua.

Nyakato: Afande, mbona hiyo ndiyo sababu ya kuyakumbuka! Tumtendee haki Mzee: baadaye alifafanua kwamba alikusudia wanaokaa bila kuchaguliwa. Haya. Ila ukomo wa mihula uliondolewa 2005, wa umri wa miaka 75 ukaondolewa 2017. Ufafanuzi unaomfaa msemaji mwenyewe mimi naupokea kwa mkono mmoja.

Karani: Mtu kubadili mawazo si dhambi. Uliza alibadilika lini, kabla ya kuhitaji kura yako au baada? Kwa wabunge kazi ni rahisi, kwa sababu Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za bunge, ipo. Muswada ule wa umri uliposomwa mara ya pili, waliitwa jina kwa jina: 317 wakaunga mkono, 97 wakapinga. Humo humo walijiongezea muda kutoka miaka 5 hadi 7, mpaka mahakama ikaitengua nyongeza hiyo 2018. Hapo huhitaji kubishana nani alisema nini redioni. Huyo wako hajawahi kushika cheo, hana kura ya kukaguliwa. Kauli ile ndiyo rekodi yake pekee, kwa hiyo usiitupe. Mpe nafasi aijibu hadharani.

Mchuuzi wa Mpakani: Asante Karani. Jumamosi ana mkutano hapa stendi. Nitamuuliza kama bado anatuona uchafu, na soko likiwa linajengwa tutauzia wapi.

Afande Mstaafu: Uliza mapema, kabla hajaanza kugawa sabuni na sukari. Baada ya hapo hakuna atakayekusikia.