Mtumbwi unanigeukia kila nikipiga kasia, hauendi moja kwa moja. Naomba ushauri

Mgeni wa Ziwa
Wakuu, habari za jioni.
Mimi ni mwalimu, nimehamishiwa Ukerewe, kijiji naomba nisikitaje. Nimenunua mtumbwi mdogo wa mbao, umeshatumika, hauna injini. Shida yangu ni kwamba hauendi moja kwa moja. Nikipiga kasia kulia, pua inageuka kushoto. Nikihamia kushoto, inarudi kulia na kupitiliza. Kila nikihamisha kasia maji yanachuruzika mapajani, nafika ng'ambo nimelowa na mabega hayana kazi tena. Halafu kuna jambo linanichanganya zaidi: nikifika katikati ya ghuba napiga kulia kwa nguvu zote na pua inaelekea kulia hukohuko.
Je, mtumbwi umepinda? Niite fundi auangalie mkuku, ule uti wa chini, au niuze? Nahitaji kujua kabla ya Jumatatu. Nawasilisha.

Sato Mbichi
Uza, nunua baiskeli. Baiskeli ukikanyaga mguu wa kulia haigeuki kushoto.

Pweza wa Wete
Mimi ningekwambia tafuta ngalawa. Mtumbwi mtupu unayumba, lakini ukitiwa matengo, zile mbao za kuelea pembeni, haulali ubavu, na ukipandisha tanga kafi unaliweka chini. Babu yangu alichonga yake kwa gogo la mwembe, akiipaka sifa, yale mafuta ya papa, kila mara mpaka nyumba nzima inanuka. Alfajiri tunamsikia anaburura chombo mchangani, jua likipanda kesharudi na changu wa kutosha mtaa mzima. Siku hizi vijana wanataka injini tu, mafuta yakiisha wanapiga simu.

Mvuvi Mstaafu
Pweza, mwenzio yuko ziwani, hayo matengo atayapata wapi?
Mwalimu, fundi hahitajiki. Mtumbwi wowote ukipigwa kasia upande mmoja hugeukia upande wa pili. Wanaoanza huongeza tatizo kwa sababu kasia linafuata ukingo wa mtumbwi, na ukingo umepinda, kwa hiyo linachora upinde. Upinde ndio unaogeuza. Simamisha kasia wima, karibu na ubavu mpaka vidole vya mkono wa chini vinakaribia kukwaruza mbao, vuta kwa mstari ulionyooka. Macho yasiwe kwenye pua. Chagua mti ng'ambo uutazame huo. Ukiona pua imeanza kuuhama, rekebisha papo hapo, maana ukisubiri igeuke sana hakuna pigo moja litakaloirudisha.
Niambie unakaa sehemu gani ya mtumbwi, unatoka saa ngapi, na uko na nani.

Shangazi wa Kirumba
Na mimi niulize. Jaketi okozi unalo? Kuogelea unajua? Na hiyo Jumatatu kuna nini?

Mgeni wa Ziwa
Mvuvi Mstaafu, shukrani sana. Shangazi, naomba tubaki kwenye mada. Nakwenda kazini tu.

Mbongo Ontario
Mwalimu, huku Kanada kiangazi kikifika mitumbwi ya wazi imejaa kwenye maziwa, na hakuna anayehamahama mkono. Unabaki upande mmoja na unarekebisha mwisho wa kila pigo. Kasia likifika usawa wa kiuno, zungusha mkono wa juu mpaka dole gumba litazame chini. Lile bapa lililokuwa likisukuma maji sasa linatazama nje. Lisukume nje kidogo, litoe, anza tena. Ukiwa upande wa kushoto njia ya kasia majini inachora herufi J, na kwa herufi hiyo ndivyo wanavyouita mtindo wenyewe. Wengi mwanzoni hugeuza dole gumba juu, kasia linakuwa usukani. Inanyoosha, ila inakula mwendo.
Na usikae juu. Piga magoti, kalia visigino, magoti uyatanue yaelekee kwenye mbavu za mtumbwi. Utaona kuyumba kunapungua hapo hapo.
Kuhusu jaketi, sheria ya huku inataka kila aliyemo chomboni awe na lake linalomtosha. Mtoto anavaa la mtoto.

Mgeni wa Ziwa
Mkuu wa Ontario, hilo la dole gumba nimelijaribu sasa hivi na fagio hapa uani. Kifundo cha mkono kinauma ila nimeelewa.

Shangazi wa Kirumba
Mwalimu, maswali yangu yako pale pale.

Mgeni wa Ziwa
Heshima yako, Shangazi. Nimekulia Dodoma, kuogelea naweza maji ya kifuani. Jaketi nimeagiza Mwanza. Jumatatu shule zinafunguliwa.

Mvuvi Mstaafu
Na mimi nilikuuliza uko na nani.

Mgeni wa Ziwa
Sawa. Nitakuwa na watoto. Wanne, darasa la kwanza na la pili, wa nyumba jirani.
Kwa miguu wanazunguka ghuba nzima, na mvua ikinyesha kuna kijito kinajaa wanarudi nyumbani. Mmoja wao masika yaliyopita hakuonekana darasani mpaka nikadhani amehama. Wazazi ndio walioniomba. Wameshachanga, na hizo fedha ndizo nilizomalizia kulipia mtumbwi. Nitawaambiaje leo kwamba nimeghairi? Ghuba yenyewe nyembamba, ukiita huku unaitikiwa ng'ambo. Na watoto wa huku wamezaliwa ziwani, wanaogelea kuliko mimi. Nimeomba ushauri wa kunyoosha mtumbwi, sikuomba wa kuacha.

Shangazi wa Kirumba
Mwanangu, mtoto wa darasa la kwanza anaogelea akiwa kifua wazi na wenzake ufukweni. Akiwa na sare, viatu na begi la daftari ni habari nyingine. Na wakianguka wanne kwa pamoja watashika nini? Watakushika wewe, ambaye unaweza maji ya kifuani. Nakuheshimu kwa kuwahurumia, lakini fedha ya mzazi isikusukume uharakishe jambo ambalo mikono yako haijaliweza.

Mvuvi Mstaafu
Mimi ni wa kisiwa cha Ukara. Tarehe 20 Septemba 2018 feri ya MV Nyerere ilitoka Bugolora ikapinduka inakaribia gati la Bwisya. Watu walikuwa wanaiona kutoka nchi kavu. Walikufa zaidi ya 200. Kwa hiyo mwalimu, habari ya ukiita unaitikiwa usiitumie kwangu. Tuliita na tuliitikiwa.

Pondo la Ifakara
Poleni sana wa Ukara. Lakini wakuu, msimpige mwalimu kama mhalifu. Kabla ya daraja la mto Kilombero mimi nilivushwa utoto wangu wote kwa mtumbwi wa gogo na pondo, ule mti mrefu wa kusukumia. Mzee aliyetuvusha alikuwa na amri zake. Mtoto anakaa chini kabisa sakafuni, haruhusiwi kugusa ubao wa kukalia, begi analipakata tumboni. Akimwona mtu ananyanyuka anarudi ukingoni anamshusha, na siku hiyo unarudi kwa mama yako kwa miguu. Bila yule mzee nisingejua kusoma. Ila alikuwa amezaliwa mtoni, hilo nakubali.

Jicho la Tatu
Wakuu, mnanyweshwa chai na mnaomba kuongezewa kikombe. Rudini bandiko la kwanza. Anapiga kulia, pua inakwenda kushoto, sawa, hiyo ni kawaida. Halafu anasema katikati ya ghuba anapiga kulia na pua inakwenda kulia. Mtumbwi gani huo? Mwanzo yuko peke yake anakwenda kazini, akibanwa wanatokea watoto wanne. Kijiji hakitaji. Kesho atatokea mamba, keshokutwa namba ya kutuma mchango.

Sato Mbichi
Na mimi hapo kwenye kulia na kulia nilisita. Mleta uzi, weka picha ya mtumbwi.

Chombo cha Bibi
Chai, tena ya tangawizi. Nimefunga kitabu.

Mgeni wa Ziwa
Kijiji sikitaji kwa sababu mkuu wangu wa shule anasoma humu. Mchango sijaomba na sitaomba. Nimeandika kile ninachokiona. Natoka kazini saa kumi, ndipo nafanya mazoezi. Nakaa ubao wa mwisho kabisa nyuma, pua inanyanyuka mpaka inanificha maji ya mbele. Upande wetu kuna kilima, nikiwa chini yake mtumbwi unafanya kama mlivyosema. Nikikipita tu mambo yanabadilika. Mdomo wa ghuba unakuwa kushoto kwangu, ziwa lote lile, na napiga kulia na unakwenda kulia. Kama huniamini, Jicho la Tatu, njoo ukae wewe nyuma.

Mvuvi Mstaafu
Jicho la Tatu, mwache. Huyu hatungi. Anayetunga angeandika pua inakwenda kushoto, kwa sababu ndivyo kila mtu anavyojua.
Mwalimu, sasa ndio umejibu nilichokuuliza tangu mwanzo. Saa kumi upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, kwa hiyo unakupiga kutoka kushoto. Kilima kinakukinga, ukikipita unaupata wote. Wewe umekaa nyuma peke yako, nyuma imezama imeshika maji, pua iko hewani haina kitu cha kuishikilia. Upepo unaisukuma kulia kuliko kasia lako linavyoweza kuipeleka kushoto. Mkuku hauna kosa.
Dawa yake: ukiwa peke yako hama huo ubao. Piga magoti nyuma kidogo tu ya katikati, au weka mfuko wa mchanga mbele mpaka pua ishuke. Upepo ukitoka mbele yako, uzito uegemee mbele kidogo. Ukitoka nyuma, uzito urudi nyuma kidogo.
Sasa nisikilize hapa. Jumatatu ukipakia watoto wanne mbele yako, pua inazama na nyuma inakuwa nyepesi. Upepo uleule wa kushoto utaisukuma nyuma, na pua itageukia kushoto, kwenye upepo, kuelekea ziwa kubwa. Mkono wako umezoea kupambana na pua inayokwenda kulia. Kwa hiyo siku ya kwanza yenye watoto ndani ndiyo siku utakayoendesha mtumbwi usioujua kabisa.

Mbongo Ontario
Hilo Mvuvi kasema kweli tupu. Mtumbwi ni uleule, ukibadilisha uzito ni mwingine. Ndiyo maana wanaofundisha huku humpa mwanafunzi mzigo kwanza kabla ya kumpa abiria.

Jicho la Tatu
Nimesoma maelezo ya Mvuvi. Naondoa neno chai. La watoto bado nalipinga.

Mgeni wa Ziwa
Mvuvi Mstaafu, hilo la pua kugeukia upande wa pili nikiwa na watoto ndilo jibu kubwa kuliko yote humu.
Nimeamua hivi. Jumatatu nazunguka nao kwa miguu, tutaondoka gizani. Jioni naendelea na mazoezi kwa mifuko minne ya mchanga, kila mmoja na uzito wa mtoto wake. Majaketi yakifika, ya watoto pia, nitamtafuta mvuvi wa hapa kijijini akae nyuma na mimi nipige mbele mpaka yeye mwenyewe aseme naweza. Fedha za wazazi sizirudishi kwa sababu mtumbwi bado ni wa shughuli hiyohiyo. Nitawaeleza Jumapili baada ya ibada.

Shangazi wa Kirumba
Waeleze wote kwa pamoja, asije mmoja akasikia kwa mwenzake. Na kujifunza kuogelea kuko wapi kwenye mpango wako?

Mgeni wa Ziwa
Kuna kijana wa kidato cha pili amekubali kunifundisha Jumamosi, ufukweni.
Mvuvi, mifuko niiweke kwenye ubao au sakafuni?

Mvuvi Mstaafu
Sakafuni, palepale watakapokaa watoto, kama yule mzee wa Ifakara. Mifuko uifunge kwa kamba kwenye mbavu, maana mchanga ukihamia upande mmoja wakati mtumbwi umelala hautarudi. Na usiijaze ikakaza, ibaki na nafasi ya kusogea kidogo ndani ya gunia. Mtoto naye hatulii.