Mionzi ya tiba: kwa nini 2 Gy kila siku badala ya dozi yote mara moja?

Mkufunzi_Ujiji
Habari zenu wakuu. Nafundisha wanafunzi wa afya hapa Kigoma. Wagonjwa wetu wa saratani ya mlango wa kizazi hupewa rufaa kwenda Mwanza kupigwa mionzi, karibu 2 Gy (Gy ni grei, kipimo cha dozi ya mionzi) kwa siku, siku tano kwa wiki. Wanafunzi wanauliza: kama mionzi inakata DNA, kwa nini isipigwe yote kwa siku moja? Na mgonjwa akikatisha wiki nzima kwa kukosa nauli, anapoteza nini?

seli_na_mionzi
Mkufunzi, waanzishie kwenye hesabu. Grei 1 huacha katika kila seli mikato kama 1,000 ya uzi mmoja wa DNA, na 20 hadi 40 hivi ya nyuzi zote mbili. Ile ya uzi mmoja hurekebishwa upesi, maana uzi wa pili upo mzima na seli inaunakili. Hatari iko kwenye hiyo michache ya nyuzi mbili.

Ncha zikishakatika, protini za kundi la MRN huzidaka na kuiamsha ATM, kimeng'enya kinachopiga kengele ya hatari. ATM huitia fosfeti H2AX, histoni (protini ambayo DNA huizunguka) iliyo kando ya mkato, na ukiipaka rangi inayong'aa unaona vidoa chini ya hadubini. Vidoa hufika kilele baada ya nusu saa hivi. Ukihesabu kesho yake unapata mikato iliyoshindikana tu, si iliyotokea, na hapo wengi hukosea tafsiri.

ATM hiyohiyo husimamisha mzunguko wa seli: kupitia protini p53 na p21 katika G1 (kabla DNA haijanakiliwa), kupitia protini Chk2 kabla ya mitosi, yaani seli kugawanyika. Kisha ukarabati. Protini Ku70 na Ku80 hushika ncha ziungwe moja kwa moja, haraka, wakati wowote, ila herufi kadhaa hupotea. Katika S na G2 (DNA inaponakiliwa na baada yake) ipo njia makini zaidi: protini BRCA2 huipachika nyingine, RAD51, na seli hunakili kutoka kromatidi dada, yaani nakala pacha ya kromosomu. Ncha zisizo za pamoja zikiungana, kromosomu hupata sentromea (sehemu inayovutwa seli inapogawanyika) mbili, na seli hufa inapojaribu kugawanyika, pengine siku kadhaa baadaye. Msitegemee uvimbe usinyae wiki ya kwanza.

Dada_Fizikia_Tabora
Naongezea kuhusu saratani hiyo hasa. Protini E6 ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani hiyo, huivunja p53, kwa hiyo kizuizi cha G1 ni dhaifu na seli nyingi huingia kwenye mgawanyiko zikiwa na mikato. Tishu nzima (zisizo na saratani) zina vizuizi vyote, na hutumia saa za katikati kujirekebisha vizuri zaidi. Pia seli za uvimbe zilizokosa oksijeni huhitaji dozi mara 2.5 hadi 3 ili zife. Zikipata hewa kati ya dozi na dozi, zinashikika.

Mkufunzi_Ujiji
Ahsante sana dada. Basi aliyekosa siku mbili apewe 4 Gy kwa mkupuo?

Dada_Fizikia_Tabora
Hapana kabisa! Madhara ya baadaye ya utumbo na kibofu hupanda sana dozi ya mara moja ikikuzwa. Hufidiwa kwa kutibu Jumamosi, au mara mbili kwa siku zikipishana angalau saa 6, ukarabati wa tishu nzima uwe umekwenda mbali. Pengo lisipofidiwa, seli za saratani zilizosalia huongezeka. Tiba yote, pamoja na mionzi ya ndani (chanzo huwekwa ndani ya mwili, karibu na uvimbe), inatakiwa iishe ndani ya siku 56, kwa hiyo nauli na malazi ya wiki zote vipangwe kabla mgonjwa hajapanda treni.