Nyumba ya mawe Mkomani, Lamu: ninunue niikarabati?

Mwana wa Langoni: Assalaam alaykum. Nina akiba kidogo, na pale Mkomani inauzwa nyumba ya ghorofa moja, dari ya nyuma imeshuka. Nia yangu niitengeneze, nipangishe walimu na wauguzi. Nianzie wapi?

Fundi Chokaa: Waalaykum salaam. Kabla ya bei, boriti. Chukua bisibisi uichome pale boriti inapoingia ukutani. Ikizama kama kwenye mkate, pigia hesabu dari nzima. Na fundi asikupigie lipu ya saruji juu ya matumbawe! Ukuta wa chokaa unapumua, saruji inafungia unyevu na chumvi ndani, mwisho lipu inabambuka. Tena vifaa vinakuja kwa mashua, halafu punda wavipitishe vichochoroni. Gharama ya punda watu huisahau, wallahi.

Mama Zuhura: Mwanangu, hati kwanza. Nyumba nyingi hapa ni za mirathi, nyingine wakfu, na wakfu hauuzwi. Shangazi mmoja wa Mombasa akikosa kutia saini, umenunua kesi.

Karani Mstaafu: Mji wa Kale wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, kwa hivyo waone watu wa Makumbusho ya Taifa kabla hujabomoa kitu. Kodi ya pango ikizidi shilingi 288,000 kwa mwaka, KRA, watoza ushuru wa serikali, wanataka asilimia 7.5 ya mapato yote, gharama ya ukarabati haitolewi kwanza.

Mwana wa Langoni: Shukran. Mama, muuzaji anasema nduguze wameridhia kwa simu.

Mama Zuhura: Kwa simu? Waje kwa kadhi waandike.