Somo la kasa darasa la tano bila projekta

Mwl_Mnazi: Walimu wenzangu, nina vipindi viwili vya dakika 40, wanafunzi 60. Shule iko kando ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi, Mtwara. Nataka kufundisha viumbe walio hatarini kutoweka kwa kutumia kasa, hasa aina iitwayo ng'amba. Wazazi wengi ni wavuvi. Nianzie wapi?

PwaniKusini: Anza na choroko. Makundi kumi, kila kundi lihesabu punje 100, zote zimwagwe kwenye beseni. Moja ipakwe rangi ya kucha. Makadirio yanayotumika sana ni kwamba kati ya vifaranga 1,000 vya kasa, kimoja tu hufikia utu uzima. Waitafute punje hiyo. Kisha wapige hesabu: kiota kikiwa na mayai 110, vinahitajika viota vingapi kumpata kasa mmoja aliyekomaa? Karibu tisa. Ule mchezo wa watoto kujifanya vifaranga vya kasa, kukimbia na "kufa" njiani, achana nao. Kwa wanafunzi 60 wote wanakufa, wanatoka wakiona hakuna la kufanya.

Kipindi cha pili, chupa iliyokatwa shingo, maji, kipande cha nailoni. Tikisa, uliza ni nini. Watasema konyeza. Kasa naye hukosea hivyo hivyo, akameza.

Jarife: Usiwapeleke ufukweni usiku. Jike akimulikwa tochi kabla hajataga, hurudi baharini. Na wakikuta mayai wasiyageuze: kiinitete hujishikiza kwenye ganda, yai likigeuzwa kinakufa. Watoe taarifa ofisi ya hifadhi.

Kuhusu wazazi, usimfanye mtoto mpelelezi wa baba yake. Mpe la kwenda nalo nyumbani: kasa hupumua kwa mapafu, akinaswa jarifeni, yaani kwenye wavu, anazama. Akitolewa amelegea, asirudishwe majini papo hapo. Alazwe kifudifudi kivulini, upande wa nyuma uinuliwe sentimita 15 hivi maji yatoke mapafuni, ganda lifunikwe kitambaa kibichi, pua ibaki wazi. Anaweza kuchukua saa nyingi kuzinduka, hata 24, na hapo ndipo wengi huharakisha kumtupa.

Ustadhi_Lindi: Upande wa dini, Mwanzo 2:15 (mtu kuitunza bustani) na Surat Al-An'am aya ya 38 (wanyama ni umma kama nyinyi) zinatosha. Shehe na katekista waje pamoja, dakika tano kila mmoja, baada ya choroko. Wakitangulia wao, kipindi chote kinageuka mawaidha.

Shule za bara huku Lindi zitumie komba wa Rondo, mnyama mdogo wa usiku wa msituni: gramu 60 hivi, mkia kama burashi ya chupa, na hapatikani nje ya Tanzania.

Mwl_Mnazi: Shukrani. Nailoni rangi gani?

PwaniKusini: Nyeupe iliyopauka. Nyeusi haiwadanganyi.